PANGO LA MAKPELA: WANA WAWILI WA IBRAHIMU NA DAMU YA WASIO NA SILAHA

Masomo ya Biblia: Mwanzo 18:16-33, Mwanzo 21:8-21, Mwanzo 23, Mwanzo 25:7-11, Mwanzo 34, 2 Wafalme 6:8-23, Luka 9:51-56.

Kifungu cha kushika katika moyo: Ezekieli 18:20.

Nia ya somo: Kila mwamini ajue ya kuwa damu ya mtu asiye na silaha ni mali ya Mungu, awe Myahudi au Mpalestina, na ajue namna ya kuomba kwa ajili ya nchi ile.



1. Sababu ya somo hili

Tangu tarehe 7 Oktoba 2023, habari za Israeli na Palestina zimeingia mpaka ndani ya makusanyiko yetu. Katika vikundi vya maombi tumesikia ndugu wakiomba Mungu aisaidie Israeli kuwapiga adui zake wote bila kubakiza hata mmoja. Tumesikia wengine, walioona picha za watoto wa Gaza, wakiwalaani Wayahudi wote, wadogo kwa wakubwa. Hata waimbaji wa kwaya moja wameacha kusalimiana kwa ajili ya neno hili. Basi tumeona ni vyema kufundisha.

Sisi tuna sababu ya pekee ya kujifunza. Tunalipenda jina la Yerusalemu. Nkamba tunaiita Yerusalemu Mpya. Tangu utoto tumesikia habari za Israeli katika Biblia, na tukisikia jina hilo katika redio, moyo unaruka mara moja. Lakini Israeli tunayoisoma katika vitabu vya Musa na manabii, na taifa lililotangazwa tarehe 14 Mei 1948, lenye serikali na jeshi kama mataifa mengine, si vitu vya kuchanganya bila kufikiri. Serikali yo yote inaweza kutenda haki, na inaweza kutenda dhambi. Vivyo hivyo na kundi lo lote linalopigana na serikali hiyo.

Somo hili halisemi mpaka wa nchi upite wapi. Halisemi nani atawale mji gani. Hayo wako wenye kuyazungumza. Sisi tunataka kusema neno moja tu: habari ya mzee, mama, mtoto, mgonjwa na mkulima, watu ambao hawakushika silaha, lakini wameuawa. Hao ndio sheria inawaita raia.

2. Pango lililonunuliwa kwa fedha

Tuanze na baba yetu Ibrahimu. Sara alikufa Hebroni. Ibrahimu alikuwa mgeni katika nchi ile, hakuwa na mahali pa kumzika mke wake. Tena Mungu alikuwa amemwahidi nchi yote. Je, aliwafukuza wenyeji? Hapana. Alisimama mbele yao, akainama kwa heshima, akaomba kununua pango la Makpela kwa Efroni Mhiti. Efroni alitaja bei, na Ibrahimu akapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote wa mlango wa mji. Mtu mwenye ahadi ya Mungu alilipa bei kamili kwa jirani yake. Hilo ni fundisho la kwanza.

Baadaye Ibrahimu mwenyewe alikufa, mwenye miaka 175. Angalieni sana Mwanzo 25:9. Nani walimzika? Wanawe wawili, Isaka na Ishmaeli, walimzika pamoja katika pango lile lile.

Kumbukeni yaliyotangulia. Ishmaeli alifukuzwa nyumbani pamoja na mama yake Hajiri, wakapewa mkate na kiriba cha maji tu. Maji yakaisha jangwani, na mama akamwacha mtoto chini ya kijiti ili asimwone akifa. Mungu akaisikia sauti ya yule kijana. Hakuuliza kwanza ni mtoto wa mama gani. Basi Ishmaeli alikuwa na sababu ya kuchukia. Na Isaka alikuwa na sababu ya kumwogopa. Biblia haituambii ya kuwa walimaliza hesabu zao zote siku ile. Inatuambia tu ya kuwa walimzika baba yao pamoja.

Leo Wayahudi wanajihesabu kuwa wana wa Isaka, na Waarabu wengi wanamhesabu Ishmaeli kuwa baba yao. Mji wa Hebroni uko kama kilometa 30 kusini mwa Yerusalemu. Waarabu wanauita Al-Khalil, maana yake Rafiki, kwa sababu Ibrahimu aliitwa rafiki wa Mungu. Juu ya pango kuna kuta kubwa za mawe zilizojengwa wakati wa Herode Mkuu. Wayahudi wanaomba pale, na Waislamu wanaomba pale. Ni mahali panapofaa kuwapatanisha ndugu. Lakini sikieni yaliyotendeka huko.

3. Damu katika mji wa Ibrahimu

Mwezi wa Agosti 1929, Waingereza ndio walitawala Palestina. Wayahudi na Waarabu waliishi Hebroni pamoja, familia nyingine kwa mamia ya miaka. Kukawa ugomvi Yerusalemu juu ya mahali patakatifu, na uvumi ukafika Hebroni ya kuwa Wayahudi wanawaua Waislamu huko. Watu hawakungoja kujua kweli. Tarehe 24 Agosti walivamia nyumba za majirani zao kwa visu na mashoka. Wayahudi 67 waliuawa, na kati yao walikuwamo wanafunzi wa dini, wanawake na watoto. Lakini wako Waarabu wa Hebroni waliofungua milango, wakawaficha majirani zao Wayahudi ndani ya nyumba, wakasimama mlangoni kuwazuia wauaji. Kwa ajili ya watu hao, mamia ya Wayahudi walipona.

Miaka 65 ikapita. Tangu vita vya mwaka 1967 Hebroni ilikuwa mikononi mwa jeshi la Israeli, na walowezi Wayahudi walikuwa wamekuja kukaa mjini na kando yake. Tarehe 25 Februari 1994, siku ya Ijumaa katika mwezi wa Ramadhani, daktari mmoja Myahudi, Baruch Goldstein, aliingia alfajiri katika msikiti ulio juu ya pango. Alikuwa amevaa nguo za jeshi na kubeba bunduki. Akawapiga risasi Waislamu waliokuwa wameinama katika sala. Watu 29 walikufa, na zaidi ya mia moja walijeruhiwa. Tafakarini hili, wapendwa: daktari, mtu aliyejifunza kuponya, aliua watu waliokuwa wakisali, juu ya kaburi la Ibrahimu.

Je, yaliishia pale? Hapana. Kulipopita siku 40, tarehe 6 Aprili 1994, mtu wa kundi la Hamas alilipua gari lenye mabomu karibu na basi katika mji wa Afula, kaskazini mwa Israeli. Watu 8 walikufa. Hamas ilisema ni kisasi cha Hebroni. Wale wa Afula walikuwa wamefanya nini Hebroni? Hawakufanya neno. Juma moja baadaye, basi lingine lililipuliwa katika mji wa Hadera, na watu 5 walikufa.

Tarehe 6 Aprili sisi tunaijua. Ni siku tunayokumbuka mwanzo wa kazi ya Baba Simon Kimbangu, mwaka 1921, siku ya uponyaji. Na jioni ya 6 Aprili 1994 ndiyo ndege ya Rais wa Rwanda ilipoangushwa, na mauaji ya kimbari yakaanza kwa jirani zetu. Siku moja ya kalenda inaweza kubeba uponyaji, na inaweza kubeba mauti. Ni mioyo ya wanadamu inayoijaza siku.

4. Namna damu inavyoita damu

Ukisoma historia ya nchi ile, utaona jambo hili likirudi mara nyingi. Tutatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa mwaka 1948. Tarehe 9 Aprili, vikundi viwili vya wapiganaji wa Kiyahudi, Irgun na Lehi, viliingia kijiji cha Waarabu cha Deir Yassin, karibu na Yerusalemu. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na kati yao wanawake, watoto na wazee wengi. Siku nne tu baadaye, tarehe 13 Aprili, wapiganaji wa Kiarabu walishambulia msafara wa magari uliokuwa ukipanda kwenye hospitali ya Hadassah. Watu 78 walikufa, wengi wao waganga, wauguzi na wafanyakazi wa hospitali. Habari ya Deir Yassin iliwatia Wapalestina hofu kubwa. Katika vita vya mwaka ule watu wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao, na wajukuu wao wangali wakimbizi. Neno hilo wanaliita Nakba, yaani maangamizi.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1953. Usiku wa 12 Oktoba, watu waliotoka upande wa Yordani walirusha bomu la mkono katika nyumba ya Wayahudi huko Yehud. Mama mmoja na watoto wake wawili wadogo walikufa. Usiku wa 14 Oktoba, askari wa Israeli chini ya Ariel Sharon waliingia kijiji cha Qibya, wakalipua nyumba za watu. Watu kama 69 walikufa, na sehemu kubwa yao walikuwa wanawake na watoto. Mama wa Yehud hakulipwa. Mama wengine tu waliongezwa juu yake.

Katika Israeli kwenyewe mwalimu mmoja mshika dini, Yeshayahu Leibowitz, aliandika juu ya Qibya bila kuogopa watu. Aliwarudisha wasomaji wake kwenye Mwanzo 34. Kisa hicho tunakijua: Dina binti Yakobo alitendewa ubaya na kijana mmoja wa Shekemu. Ubaya ulikuwa wa kweli. Lakini Simeoni na Lawi waliwaua wanaume wote wa mji kwa dhambi ya mmoja. Yakobo, hata alipokuwa karibu kufa, hakusahau. Katika Mwanzo 49 aliilaani hasira yao. Basi baba wa Israeli mwenyewe ameilaani hasira inayoua mji kwa ajili ya mtu mmoja.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi Wakristo. Mwezi wa Septemba 1982 jeshi la Israeli lilikuwa limeingia Beirut, mji mkuu wa Lebanoni. Tarehe 14, Bashir Gemayel, aliyechaguliwa kuwa rais, aliuawa kwa bomu. Aliyetega bomu alikuwa Mlebanoni, hakuwa Mpalestina. Lakini kuanzia tarehe 16 wanamgambo wa Phalange waliingia Sabra na Shatila, walikokaa wakimbizi Wapalestina, wakaua kwa siku tatu. Waliokufa walikuwa mamia mengi, na wengine wanasema hata zaidi ya 3,000. Wanamgambo wale walijiita Wakristo. Jeshi la Israeli lilikuwa limezunguka mahali pale, nalo liliwaruhusu kuingia. Tume ya Israeli yenyewe, mwaka 1983, ilisema viongozi wa jeshi na waziri wa ulinzi, Ariel Sharon, walikuwa na lawama. Basi mtu asiseme ya kuwa jambo hili ni la Wayahudi na Waislamu tu. Mikono iliyofanya ishara ya msalaba ilishika visu pale.

5. Mambo ya mwaka 2023 na yaliyofuata

Asubuhi ya 7 Oktoba 2023, wapiganaji wa Hamas na vikundi vingine walivunja uzio wa Gaza, wakaingia vijiji vya kusini mwa Israeli na mahali vijana walipokusanyika kwa muziki. Waliua watu wapatao 1,200, wengi wao raia, wakiwa majumbani mwao, barabarani na mashambani. Walichukua watu 251 mateka, hata watoto wachanga na wazee. Waliokufa hawakuwa Wayahudi tu. Walikuwamo Waarabu wa Israeli, na wafanyakazi wa mashamba kutoka Thailand. Walikuwamo vijana wawili kutoka Tanzania, wasemaji wa Kiswahili kama sisi, waliokuwa wamekwenda kujifunza kilimo. Wazazi wa mmoja wao walingoja miaka miwili, mpaka mwaka 2025, ndipo mwili wa mtoto wao ukarudishwa.

Israeli ilijibu kwa vita juu ya Gaza. Gaza ni nchi ndogo, urefu wake kama kilometa 40, nayo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Wakati vita viliposimamishwa mwezi wa Oktoba 2025, wizara ya afya ya Gaza ilikuwa imehesabu watu zaidi ya 67,000 waliouawa. Hesabu hiyo inachanganya wapiganaji na raia, lakini watoto peke yao wanapita 15,000. Karibu wote wengine walihamishwa makwao, mara nyingi zaidi ya mara moja. Tarehe 22 Agosti 2025 wataalamu wa kimataifa wa chakula walithibitisha njaa kuu katika sehemu ya mji wa Gaza. Hata nyumba za Mungu hazikupona. Tarehe 19 Oktoba 2023 bomu lilianguka penye kanisa la Kiorthodoksi la Mtakatifu Porphyrius, walikokimbilia Wakristo na Waislamu pamoja, na zaidi ya watu 15 walikufa. Wako ndugu wanaodhani ya kuwa Gaza hakuna Wakristo. Wapo, ni wachache, na kanisa lao ni la zamani sana.

6. Ulizo la Ibrahimu

Turudi tena Hebroni. Kando ya mji ule ndipo palipokuwa mialoni ya Mamre, Ibrahimu alipokaa. Hapo ndipo alipoelezwa habari ya Sodoma. Ibrahimu akasimama mbele ya Bwana na kuuliza kama mwenye haki ataangamizwa pamoja na mwovu. Akaanza na watu 50, akashuka mpaka 10. Mungu hakukasirika kwa ulizo hili, alimjibu kila mara. Basi mtu wa imani ndiye anayeuliza: ndani ya mji huu, nani hana kosa?

Sheria ya Musa inakaza neno hili katika Kumbukumbu la Torati 24:16: baba asiuawe kwa kosa la mwana, wala mwana kwa kosa la baba. Ezekieli anarudia, ya kuwa kila mtu atabeba dhambi yake mwenyewe.

Na mataifa yenyewe, baada ya vita kuu ya pili, ambamo Wayahudi milioni 6 waliuawa kwa sababu tu ni Wayahudi, yaliketi Geneva, na tarehe 12 Agosti 1949 yakaandika mapatano ya nne ya kuwalinda raia wakati wa vita. Sharti la 33 linakataza kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo hakulitenda yeye mwenyewe. Sharti la 34 linakataza kuchukua mateka. Israeli iliyakubali mapatano haya mwaka 1951, Palestina mwaka 2014, na nchi yetu ya Kongo pia imo. Angalieni namna sharti lile la 33 linavyofanana na neno la Ezekieli. Mataifa yalichelewa kufika mahali manabii walipokuwa zamani.

7. Maneno tunayosikia, na majibu yake

Wengine wanasema: "Wapalestina wamenyang'anywa nchi na hawana njia nyingine." Tunajibu: mtu aliyenyang'anywa ana haki ya kulia, kudai na kujitetea. Lakini haki yake haimfanyi mtoto wa jirani kuwa na hatia. Hajiri alidhulumiwa, na Mungu alimpa kisima. Hakumpa kisu cha kwenda kumchinja Isaka.

Wengine wanasema: "Israeli ilishambuliwa kwanza, na wapiganaji wanajificha katikati ya watu." Tunajibu: ni kweli, serikali ina wajibu wa kuwalinda watu wake, na mwenye kujificha nyuma ya mtoto anatenda dhambi. Lakini dhambi ya anayejificha haimwondolei mwingine wajibu wa kumwona mtoto. Mtoto yule angali pale. Na kuwanyima watu wote chakula, huko ni kuwapiga wasiojificha.

Wengine wanafungua 1 Samweli 15, habari ya Amaleki, na kusema Mungu aliamuru kuua wote. Tunajibu: ni nani leo amepewa agizo hilo? Yakobo na Yohana walitaka kuita moto juu ya kijiji cha Wasamaria, na Bwana Yesu akageuka, akawakemea. Tangu siku ile, anayeomba moto juu ya kijiji amekwisha kukemewa.

8. Waliokataa

Mungu hakukosa mashahidi. Tumewataja Waarabu wa Hebroni waliowaficha Wayahudi mwaka 1929. Sikieni na wengine.

Tarehe 29 Oktoba 1956, jeshi la Israeli lilitoa amri ya kutotoka nje katika vijiji vya Waarabu vya mpakani, kuanzia saa kumi na moja jioni. Katika Kafr Qasim wakulima walikuwa bado mashambani, hawakujua. Walipokuwa wakirudi nyumbani kwa baiskeli na magari, askari wa mpakani waliwapiga risasi. Karibu watu 50 walikufa, hata wanawake na watoto. Lakini katika vijiji vingine, wako viongozi wa askari waliopokea amri ile ile na hawakuwaua watu: waliwaacha wapite waende nyumbani. Mwaka 1958 mahakama ya Israeli ilihukumu ya kuwa amri iliyo wazi kuwa uovu, askari anapaswa kuikataa. Waliohukumiwa walipunguziwa adhabu, na kabla ya mwaka 1960 kuisha wote walikuwa wametoka gerezani. Haki ilikuwa pungufu. Lakini neno lile la mahakama limebaki, na askari wote wa dunia wanapaswa kulijua, pamoja na askari wa nchi yetu.

Neno hili nabii Elisha alilijua. Katika 2 Wafalme 6, jeshi la Washami liliingizwa Samaria, na mfalme wa Israeli akamwuliza nabii kama awapige. Nabii alikataa. Aliagiza wapewe mkate na maji, kisha warudi kwao. Vikosi vile havikuja tena. Hii ndiyo kazi ya nabii: kuushika mkono wa mfalme ulioinuliwa.

Tena, mwaka 1994 kijana askari wa Israeli alitekwa na kuuawa na Hamas. Baba yake, Yitzhak Frankenthal, hakutafuta kisasi. Mwaka 1995 alianzisha kundi la wazazi waliofiwa, Waisraeli na Wapalestina pamoja. Leo familia zaidi ya 600 zimo. Mama aliyezika mtoto wake kwa bomu anaketi karibu na mama aliyezika mtoto wake kwa risasi. Hawakubaliani katika mambo yote. Wanafanya lile walilofanya Isaka na Ishmaeli: wanazika pamoja.

9. Na sisi?

Sisi ni wana wa mateso. Mwezi wa Septemba 1921 Baba Simon Kimbangu alijitoa mwenyewe mikononi mwa Wabelgiji. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu kufa, na Mfalme Albert akaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha. Miaka 30 alikaa gerezani Elisabethville, leo Lubumbashi, mpaka kifo chake tarehe 12 Oktoba 1951. Maelfu ya waamini walihamishwa mbali na makwao, pamoja na wake na watoto, ambao hakuna hata mmoja aliyewashitaki kwa kosa lo lote. Hiyo ilikuwa adhabu ya wote kwa ajili ya jina la mmoja. Tunaijua ladha yake. Lakini wazee wetu hawakushika panga kulipiza kisasi juu ya watoto wa Wazungu. Walishika upendo, amri na kazi.

Nasi tunaoishi mashariki ya Kongo tumeona vijiji vikichomwa, kwa sababu ilisemwa ya kuwa mtu fulani alipita pale, au ya kuwa kabila fulani linakaa pale. Je, tutalaani jambo hili Beni na Rutshuru, kisha tulibariki Gaza au kusini mwa Israeli? Moyo wa namna hiyo una mizani mbili, na mizani mbili ni chukizo kwa Bwana.

Basi tunawaomba waamini wote washike mambo manne.

Kwanza, katika maombi ya kusanyiko, mtu asiombe mauti ya taifa lo lote. Tuwaombee waliofiwa wa pande zote mbili, wafungwa, wenye njaa, na wenye kushika silaha wapate kugeuka.

Pili, tusipeleke uvumi. Hebroni mwaka 1929 uvumi ndio ulioua. Ukipokea picha au neno katika simu, uliza kwanza limetoka wapi.

Tatu, tusimwambie Mwislamu wa mtaa wetu ya kuwa ni wa Hamas, wala tusiwalaani Wayahudi kwa ajili ya matendo ya serikali au jeshi. Kila mtu atabeba dhambi yake mwenyewe.

Nne, wale walioacha kusalimiana kwa ajili ya neno hili, wasalimiane kabla ya ibada ya Jumapili ijayo.

Leo, ndani ya kuta zile za Hebroni, Wayahudi wana upande wao na Waislamu wana upande wao, na askari wanasimama kati. Lakini alama ya kaburi la Ibrahimu iko katikati, inaonekana kutoka pande zote mbili. Wote wawili wanamtazama baba mmoja. Tuombe siku ije watakapoonana wao kwa wao.

Maulizo ya kuzungumza katika vikundi

1. Kwa nini Ibrahimu alilipa fedha kwa ajili ya nchi aliyoahidiwa na Mungu?
2. Soma Mwanzo 34 na Mwanzo 49:5-7. Yakobo alichukia nini katika tendo la wanawe?
3. Ukipewa amri ya kumtendea mabaya mtu asiye na silaha, utajibuje? Kumbuka Kafr Qasim.
4. Je, katika mtaa wetu kuna familia inayobeba lawama kwa kosa la mtu mwingine? Tufanye nini kwa ajili yao juma hili?

Maombi ya mwisho

Ee Mungu wa Ibrahimu, uliyemsikia Ishmaeli jangwani na kumwokoa Isaka mlimani, uwasikie watoto wa Gaza na watoto wa Israeli. Uondoe kisasi mioyoni mwa wenye nguvu na mwa wasio na nguvu. Utupe sisi kanisa lako mizani moja. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.